Kufyonza au Kuambata? Istilahi ya Kiswahili na Molekuli za Sabuni juu ya Oksidi za Madini

1.0 UTANGULIZI

Mwanafunzi anayesoma kemia kwa Kiingereza hukutana mapema na maneno mawili yanayotofautiana kwa herufi moja tu: mahali ambapo moja lina b, jingine lina d. Neno la kwanza hutaja kitendo cha kitu kuchukuliwa na kuingia ndani ya kitu kingine, kama maji yaingiavyo katika sifongo. Neno la pili hutaja kitendo cha kitu kukaa juu ya uso wa kingine bila kuingia ndani. Tofauti ya herufi moja ni tofauti ya nadharia mbili. Mwanafunzi huyo anapotaka kulieleza jambo hilo kwa Kiswahili, kitenzi kinachomjia kwanza mara nyingi huwa ni kufyonza. Akishakitumia kwa matukio yote mawili, tofauti yenyewe hutoweka.

Makala haya yanadai kwamba hasara hiyo si ya lazima, wala haitokani na ufukara wa Kiswahili. Inatokana na mazoea ya kuunda istilahi kwa kulitazama neno la Kiingereza badala ya kulitazama tukio linalotajwa. Ili dai hili lisibaki la jumla, limechukuliwa tukio moja: namna molekuli za sabuni na za dutu za jamii yake zinavyokaa juu ya nyuso za oksidi za madini ndani ya maji. Tukio hili limechunguzwa kwa makini na wanakemia tangu miaka ya 1950, na hatua zake zinajulikana vizuri. Istilahi inayoweza kulifuata tangu mwanzo hadi mwisho bila kumpotosha msomaji itakuwa imejithibitisha. Istilahi isiyoweza itajifichua.

2.0 TUKIO LENYEWE

2.1 Uso wa oksidi

Oksidi za madini zimeenea kila mahali ardhini. Silika ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa mitoni na ya kioo cha dirisha. Oksidi za chuma ndizo zinazoupa udongo mwekundu rangi yake. Alumina hupatikana kwa kusafisha boksiti. Oksidi inapozamishwa majini, uso wake hubadilika. Atomu za oksijeni zilizo ukingoni hupata haidrojeni kutoka katika maji, na uso wote huvikwa vikundi vya haidroksili. Vikundi hivyo vinaweza kupokea protoni au kuitoa. Maji yakiwa na asidi ya kutosha, uso hupokea protoni na kuwa na chaji chanya. Yakiwa na besi ya kutosha, uso hutoa protoni na kuwa na chaji hasi.

Kati ya hali hizo mbili ipo pH moja ambapo chaji chanya na chaji hasi hulingana. Kwa silika, pH hiyo iko kati ya 2 na 3. Kwa oksidi ya titani ni takriban 6, kwa oksidi ya chuma ni takriban 8 hadi 9, na kwa alumina ni karibu na 9. Kwa hiyo katika maji yenye pH ya 7, silika ina chaji hasi na alumina ina chaji chanya, ijapokuwa poda za vitu hivyo viwili ni nyeupe na macho hayawezi kuzitofautisha.

2.2 Molekuli yenye tabia mbili

Sabuni ya kufulia ni mfano wa kundi kubwa la dutu ambazo katika makala haya zitaitwa safaktanti. Molekuli ya safaktanti ina sehemu mbili zisizopatana. Ina kichwa kinachoshirikiana na maji kwa urahisi, na mkia wa atomu za kaboni na haidrojeni usiopatana na maji. Dodesili salfeti ya sodiamu ina kichwa chenye chaji hasi na mkia wa atomu 12 za kaboni. Zipo safaktanti nyingine zenye kichwa cha naitrojeni chenye chaji chanya, na mkia wake huweza kufikia atomu 16 za kaboni.

Zikiwa chache majini, molekuli hizi huelea moja moja. Ukolevu ukiongezeka hadi kiwango fulani, hukusanyika katika makundi, mikia ikiwa ndani na vichwa vikiuelekea upande wa maji. Makundi hayo huitwa miseli. Kwa dodesili salfeti ya sodiamu, kiwango hicho ni takriban milimoli 8 katika lita moja kwenye joto la kawaida. Kwa bromidi ya safaktanti yenye kichwa chanya na mkia wa kaboni 16 ni karibu na milimoli 1.

2.3 Hatua nne

Weka sasa silika katika maji yenye pH ya 7, kisha ongeza safaktanti yenye kichwa chanya kidogo kidogo. Katika hatua ya kwanza, molekuli chache huvutwa na chaji hasi ya uso na kukaa juu yake moja moja, kila moja ikiwa mbali na mwenzake. Kiasi kinachokaa usoni huongezeka polepole.

Katika hatua ya pili, kiasi hicho hupanda ghafla. Nguvu ya umeme peke yake haiwezi kukieleza kima hicho. Mwaka 1955, Gaudin na Fuerstenau, waliokuwa wakichunguza madini ya silika, walitoa maelezo ambayo yangali msingi wa mjadala: mikia ya molekuli zilizokwisha kukaa usoni huanza kukusanyika yenyewe kwa yenyewe, pembeni kwa pembeni, wakati ambapo ukolevu katika maji ungali mdogo mno kwa miseli kutokea. Mwaka 1966, Somasundaran na Fuerstenau walionyesha mwenendo wa namna hiyo kwa alumina na safaktanti yenye kichwa hasi.

Katika hatua ya tatu, chaji ya uso imekwisha kusawazishwa. Molekuli zinazofuata haziji tena kwa kuitwa na jiwe. Zinakuja kwa kuitwa na mikia ya wenzao waliotangulia, na vichwa vyao huelekea majini. Kasi ya ongezeko hupungua, na uso ambao awali ulikuwa na chaji hasi sasa huonyesha chaji chanya. Katika hatua ya nne, kiasi cha usoni hakiongezeki tena kwa maana: molekuli zote za ziada hubaki majini na kuunda miseli.

Mwaka 1995, Manne na Gaub walitumia hadubini inayopapasa uso kwa ncha nyembamba na kuonyesha kwamba makundi hayo ya usoni si lazima yawe tabaka bapa. Juu ya maika walikuta mistari ya mapipa membamba. Juu ya silika walikuta madonge. Umbo la kundi hutegemea jiwe na molekuli kwa pamoja.

2.4 Faida yake

Hatua hizi hazikai vitabuni tu. Chembe ya silika iliyo katika hatua ya pili huwa na mikia iliyoelekea nje, nayo huyakataa maji. Kiputo cha hewa kikipita, hushikana nayo na kuipandisha juu. Ndivyo madini ya chuma yanavyosafishwa katika viwanda vingi: mawe husagwa, maji hufanywa kuwa na pH ya takriban 10, na safaktanti yenye kichwa chanya hutiwa ili kuondoa silika pamoja na povu. Kwa kuwa katika pH hiyo oksidi ya chuma nayo ina chaji hasi, hutiwa wanga, mara nyingi wa mahindi, ili kuufunika uso wake na kuizuia isipande. Safaktanti ikizidi, molekuli za hatua ya tatu huvielekeza vichwa nje, chembe huyapenda maji tena, na kazi huharibika.

Huko Kolwezi katika Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya migodini, madini ya shaba yaliyooksidika yalielezwa na yakasafishwa kwa njia ya jamii hiyo, na dawa iliyotumika ilikuwa asidi za mafuta ya mawese. Tukio hili, basi, si geni kwa mikono ya wasemaji wa Kiswahili. Lililo geni ni kulitaja kwa usahihi.

3.0 KASORO YA KUFYONZA

Kitenzi kufyonza kina picha iliyo wazi: mdomo, kitu kinachovutwa, na tumbo linalokipokea. Nyuki hufyonza utamu wa ua. Udongo mkavu hufyonza mvua ya kwanza. Katika picha hiyo mfyonzaji ndiye mtendaji, na kilichofyonzwa huishia ndani.

Picha hiyo, ikipelekwa kwenye silika na safaktanti, huzaa makosa manne. Kosa la kwanza ni la kipimo. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba jiwe linafyonza atatarajia kwamba gramu moja ya jiwe itachukua kiasi kilekile hata jiwe likisagwa namna gani, kwa kuwa tumbo la gramu moja ni lilelile. Ukweli ni kinyume. Mchanga wa chembe za upana wa milimita 0.1 una uso wa takriban mita za mraba 0.02 tu kwa gramu. Silika laini ya kiwandani huweza kuwa na mita za mraba 200 kwa gramu. Uzani ni mmoja, dutu ni ileile, na uwezo wa kubeba safaktanti hutofautiana mara elfu kumi. Kinachohesabiwa ni uso.

Kosa la pili ni la mtendaji. Katika hatua ya tatu, jiwe limekwisha kumaliza kazi yake. Molekuli huja kwa sababu ya molekuli. Sentensi isemayo kwamba silika imefyonza molekuli hizo inamtaja mtendaji asiyehusika.

Kosa la tatu ni la mwelekeo. Kilichofyonzwa hakina kichwa wala mkia, kimemezwa. Lakini tukio lote la usafishaji wa madini linategemea swali la upande gani wa molekuli umeelekea jiwe na upande gani umeelekea maji. Istilahi inayomfanya msomaji asahau kuuliza swali hilo imemnyima ufunguo wa chumba kizima.

Kosa la nne ni la marejeo. Ukolevu majini ukipunguzwa, sehemu ya molekuli huliacha jiwe na kurudi majini. Kiswahili hakina kinyume cha kawaida cha kufyonza. Atakayetaka kulitaja tendo hilo atalazimika kusema kutema au kutapika, na picha ya tumbo itakuwa imemfikisha mahali ambapo hakukusudia kufika.

Haki itendeke kwa Kiingereza pia. Neno lake lenye d lilianza kutumiwa mwaka 1881 na mwanafizikia wa Ujerumani, Heinrich Kayser, kwa shauri la Emil du Bois-Reymond, na mzizi wake wa Kilatini una maana ya kunywa kwa kuvuta kwa mdomo. Kwa hiyo picha ya kufyonza imo ndani ya neno hilo pia, ila imezikwa katika lugha ambayo wasomaji wengi hawaijui. Kayser alihitaji neno la kutofautisha, akalipata kwa kubadili kiambishi awali. Anayetafsiri neno hilo kipande kwa kipande anachukua mzizi wake, na mzizi ndio sehemu yake iliyo dhaifu.

4.0 NJIA YA KUKOPA

Wapo watakaosema kwamba suluhisho ni kukopa moja kwa moja: adsopsheni kwa hili, absopsheni kwa lile. Hoja yao haipaswi kudharauliwa. Istilahi nyingi za kemia zilizokopwa zinafanya kazi nzuri, na makala haya yenyewe yametumia molekuli, ioni, oksidi, silika, miseli na safaktanti bila kuomba radhi. Majina ya vitu husafiri vizuri. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na yeyote anayeshughulika na istilahi za sayansi anajua kwamba kukopa ni sehemu halali ya kazi hiyo.

Lakini tukio linalojadiliwa hapa si kitu, ni tendo. Tendo huhitaji kitenzi, na kitenzi cha Kiswahili huhitaji kunyambulika. Aliyekopa adsopsheni atasemaje kwamba molekuli inatendeka hivyo, imetendwa hivyo, zinatendana hivyo, au zimeacha kutendeka hivyo? Atajikuta akisema "molekuli inafanyiwa adsopsheni", na kila sentensi itatembea kwa magongo. Tena, kwa sikio la msemaji wa Kiswahili, tofauti ya bs na ds katikati ya neno la kigeni ni hafifu mno. Mhadhiri akiitamka katika ukumbi wenye wanafunzi mia mbili, walioketi nyuma hawataipata. Kukopa kwa namna hii kunahamisha tatizo lilelile la Kiingereza hadi katika lugha isiyokuwa nalo.

5.0 UKOO WA -AMB-

Kiswahili kina ukoo wa vitenzi unaohusu kuwa karibu na uso wa kitu. Ni ukoo wa kale, wenye sura ya Kibantu, na wasemaji wanautumia kila siku bila kuuhesabu kuwa ni wa kisayansi.

Kwanza ni kuambaa, yaani kupita kando ya kitu bila kukigusa. Chombo huambaa pwani; mtu huambaa ukuta. Pili ni kuambata, yaani kushika kwenye uso na kukaa hapo. Tatu ni kuambatana, yaani vitu viwili au zaidi kushikana vyenyewe kwa vyenyewe. Nne ni kuambua, yaani kukitoa juu ya uso kile kilichoushika, kama mtu anavyoambua ganda. Tano ni kuambuka, yaani kutoka chenyewe juu ya uso.

Kiambishi -t- kilichomo katika kuambata hakikukaa pale kwa bahati. Ni kile kile kinachoonekana katika kufumbata, kukumbata, kukamata na kupakata, na vitenzi vyote hivi hutaja mgusano unaodumu. Si hai tena katika Kiswahili cha leo, maana msemaji hawezi kukipachika kwenye kitenzi chochote atakacho. Lakini maana yake imehifadhiwa. Kadhalika kiambishi -u- cha kutendua kipo katika kuambua kama kilivyo katika kufumbua. Fumbata na fumbua, ambata na ambua: lugha imekwisha kutengeneza jozi ya tendo na kinyume chake.

Rudisha sasa vitenzi hivi kwenye silika na safaktanti. Karibu na uso wenye chaji hasi daima lipo wingu la ioni chanya ambazo hazijaugusa uso, ila zinazengea karibu nao kwa kuvutwa na chaji: ioni hizo zinaambaa. Katika hatua ya kwanza, molekuli za safaktanti zinaambata, moja moja. Katika hatua ya pili, zilizoambata zinaanza kuambatana kwa mikia, na ndiyo sababu ya kima cha ghafla. Katika hatua ya tatu, molekuli mpya haziliambati jiwe tena. Zinaambatana na zile zilizotangulia, vichwa vikiwa nje. Ukolevu ukipunguzwa, molekuli huambuka. Na mwanakemia anayeusafisha uso kwa kimiminika kingine anaziambua.

Tofauti kati ya kuambata na kuambatana inastahili kutazamwa mara ya pili. Gaudin na Fuerstenau walihitaji aya nzima ili kuzitenga nguvu mbili: ile kati ya molekuli na jiwe, na ile kati ya molekuli na molekuli. Katika Kiswahili utengano huo unabebwa na kiambishi kimoja, -an-, ambacho mtoto wa miaka mitano anakimiliki. Lugha haikumfundisha kemia mtoto huyo, wala si kweli kwamba wahenga walizijua miseli. Lililo kweli ni dogo zaidi na lina manufaa zaidi: sarufi ya unyambulishaji inatofautisha uhusiano wa kitu na uso na uhusiano wa vitu vyenyewe kwa vyenyewe, na tukio hili la kemia linahitaji tofauti hiyohiyo.

Kwa hiyo makala haya yanapendekeza uambataji kwa tukio la dutu kukaa juu ya uso, na uambukaji kwa dutu hiyo kuuacha uso. Kufyonza na ufyonzaji vibaki pale vinapostahili, yaani dutu inapoingia ndani. Yapo pia mazingira ambamo matukio hayo mawili hutokea pamoja na si rahisi kuyatenga, kama katika mkaa wenye vitundu vingi. Kwa ajili ya hali hiyo McBain alipendekeza mwaka 1909 neno la Kiingereza lisilo na kiambishi awali, linalojumlisha yote mawili. Kiswahili kinaweza kutumia unasaji, kutokana na kunasa, ambalo halisemi kama kilichonaswa kiko juu au ndani.

6.0 PINGAMIZI

Pingamizi la kwanza ni kwamba kuambata na jamaa zake vimekwisha kuajiriwa mahali pengine. Barua huwa na kiambatisho. Viongozi huambatana na wajumbe wao. Dawa za hospitalini husemwa kuwa na viambata. Ni kweli. Lakini istilahi haihitaji neno lisilowahi kutumiwa; inahitaji neno ambalo maana yake ya kitaalamu haitachanganywa na maana nyingine katika uwanja uleule. Hakuna mwanakemia atakayedhani kwamba molekuli imeambatishwa kwenye barua. Neno kazi lina maana yake katika fizikia na maana yake shambani, wala mkulima na mwanafizikia hawajagombana.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Yapo matukio ambamo dutu hufungamana na uso kwa kifungo cha kikemia kilicho imara, na kuambata huenda kukaonekana kuwa ni neno jepesi mno. Jibu ni kwamba hapo ndipo sifa inapohitajika: uambataji wa kikemia kwa upande mmoja, uambataji wa kifizikia kwa upande mwingine. Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo. Neno la msingi halipaswi kutangaza mapema aina ya nguvu inayohusika, kwa sababu nguvu hizo ni nyingi. Safaktanti isiyokuwa na chaji, kwa mfano, huweza kuishika silika kwa vifungo vya haidrojeni, na bado inaambata. Hapa ndipo pia neno unataji linaposhindwa: kunata hudokeza utomvu au gundi, na hakuna gundi yoyote kati ya safaktanti na silika.

Pingamizi la tatu ni la kisera, nalo ndilo husemwa kwa sauti ya chini mwishoni mwa semina. Sayansi katika shule za sekondari na vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya hufundishwa kwa Kiingereza; ya nini basi kuhangaika na neno moja la kemia ya nyuso? Jibu ni kwamba lugha ya mtihani si lazima iwe lugha ya kuelewa. Mwanafunzi anayesoma kwa Kiingereza anajadiliana na mwenzake bwenini kwa Kiswahili, na mwalimu anayeona nyuso zilizokwama darasani hugeukia Kiswahili ili kuzikwamua. Katika dakika hizo neno lililo karibu na ulimi ndilo linalojenga nadharia kichwani. Likiwa ni kufyonza, mwanafunzi ataingia katika chumba cha mtihani akiwa na tumbo la jiwe akilini. Huenda akakariri fasili ya Kiingereza sawasawa, na papo hapo akakosa hesabu kwa sababu alizidisha kwa uzani badala ya eneo la uso.

7.0 HITIMISHO

Mjadala wa istilahi za Kiswahili umezoea kuuliza neno la Kiingereza litafsiriwe vipi. Swali hilo huzaa orodha, na orodha ya maneno haijaribiwi mpaka mtu ajaribu kuandika kwayo. Tukio la safaktanti juu ya oksidi linaonyesha kipimo kingine. Istilahi ipelekwe kwenye tukio, ipitishwe katika kila hatua yake, ielezwe kinyume chake, iwekwe katika kauli ya kutendana na ya kutendwa. Ikiwa itafika mwisho bila kusema uongo, isanifishwe. Ikiwa itaanguka njiani, itupwe mapema, hata kama ni nzuri masikioni.

Kipimo hicho kinazidai pande mbili. Mwanaisimu hana budi kuisoma kemia hadi aelewe kwa nini kima cha hatua ya pili ni cha ghafla, maana bila hilo hataona haja ya kutenga kuambata na kuambatana. Mwanakemia naye hana budi kukubali kwamba unyambulishaji wa vitenzi ni zana ya kazi yake, si pambo la wenzake wa idara ya lugha. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada kila mwaka, na maabara za kemia ziko hatua chache kutoka madarasani mwao. Umbali uliopo ni wa mazoea.

Silika ikiwa majini, molekuli huiambata, huambatana, na baadaye huambuka. Sentensi hiyo ni fupi, haina neno la kuelezwa pembeni, na kila kitenzi chake ni cha kweli. Sentensi za namna hiyo ndizo zitakazoonyesha, kuliko azimio lolote la kongamano, kwamba sayansi inaweza kufikiriwa kwa Kiswahili.